Kitanda cha Pili Melini ni Chako

Kwa Mama Nazari,
S.L.P. 212,
Ifakara.

13 Julai, 1997.

Mpendwa mdogo wangu Yosefina,

Shikamoo yako naijua hata kabla hujaitamka, kwa hiyo marahaba, mama, marahaba sana. Hujambo? Shemeji Nickolaus hajambo? Goti lake linasemaje na baridi ya huko Mpika? Na watoto, bado wanasema Kiswahili au wameshakuwa Wazambia kabisa? Mimi ni mzima. Meno yangu yote yapo, isipokuwa lile ulilolivunja mwenyewe kwa mchi tulipokuwa wasichana, na sijakusamehe.

Mpunga tumekwisha kuvuna. Ndege walitusumbua sana mwaka huu, nilipanda nikahamia juu ya dungu kule bondeni nikawa napiga debe toka alfajiri mpaka jua linazama, sauti ikanikauka. Lakini sasa ukiingia ndani kwangu hupati pa kukanyaga, magunia mpaka mlangoni. Jirani yangu Merina alipita akasema, "Mama Nazari, huu wote wako?" Nikamwambia, "Hapana, ni wa ndege, nimewawekea tu." Akaondoka.

Sasa nikae vizuri nikugombeze.

Nimepata habari kwamba kaka Sebastiani alikuandikia kukukataza safari ya meli, na wewe ukamjibu upesi upesi kwamba umekubali, hutakwenda. Hukuniuliza mimi dada yako. Hukumuuliza Nazari aliyetutafutia nafasi. Barua hii nimeiandika kukuambia uivunje ahadi hiyo. Ndiyo, uivunje, na lawama nitabeba mimi, mabega ninayo.

Nazari wangu, kama unavyojua, ni mpishi wa mikate katika meli ya watalii. Siyo meli ya mizigo, wala siyo ya kuvusha watu. Hii ni meli ya kutembeza. Watu wanapandia Mombasa, wanapelekwa Unguja, wanapelekwa visiwa vya Bukini na Shelisheli, halafu wanarudishwa palepale walipopandia. Hawana wanakokwenda, wanakwenda kutembea tu. Na kila asubuhi watu wote hao, Wazungu kwa mamia, wanaamka na kula mkate wa mtoto wa Marsiana. Nioneshe mama mwingine Ifakara nzima anayeweza kusema hivyo. Kuanzia Kidatu mpaka Masagati, nioneshe!

Kila baada ya miaka miwili anaruhusiwa kupandisha ndugu wawili. Mwaka ule wa uchaguzi nilikwenda peke yangu. Nilipiga kura Jumapili, Jumatatu niko ndani ya basi. Kwenye kitanda cha pili nililaza kifurushi changu. Mwaka huu zamu imerudi, na sitalaza kifurushi tena.

Acha nikuambie habari za huko ili usije ukaaibika kama nilivyoaibika mimi. Ingawa mimi sikuaibika. Walioaibika ni wao.

Unajua kwetu mtu akifika bandarini kuvuka mto anavua viatu, anaingia mtumbwini ameinama, anakaa chini kabisa, ananyamaza, na yule mnyama wa majini hatajwi jina mpaka mfike ng'ambo. Basi mimi nilipofika kwenye ngazi ya meli nikavua kandambili nikazishika mkononi. Nilipovuka mlango tu, nikakaa chini. Kwenye zulia, miguu nimenyoosha, kifurushi mapajani, kimya. Watu wakawa wananiruka. Nazari akaja mbio na nguo zake nyeupe: "Mama, nyanyuka, hapa ni mapokezi!"

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Na mimi nimepokelewa. Kaa chini na wewe, utatuzamisha."

Mwanangu alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaja bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba kama unyasi, akadhani naumwa, akachuchumaa akanishika mkono. Basi nikapata rafiki. Wewe ukifika utasimama, meli ile haipinduki kwa mtu kusimama. Lakini ukisikia moyo unataka kukaa, kaa. Zulia lao ni safi kuliko kitanda cha watu wengi ninaowajua.

Chumba omba kiwe chini, katikati ya meli. Watu wenye fedha wanataka vya juu ili waone mbali, na ndio hao hao wanaotapika kwanza, kwa maana huko juu ndiko kunakoyumba. Beba tangawizi mbichi, utafune kidogo kidogo, na tumbo likianza kusokota, toka nje utazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Usilale ukajikunja. Beba na sweta na blanketi lako, kwa sababu kuna mashine ya baridi, na baridi yake inazidi hata ya huko kwenu.

Chakula, Yosefina! Chakula hakihesabiwi. Unakwenda, unachukua, unarudi, unachukua tena, hakuna anayekutazama kwa jicho baya. Siku ya kwanza nilifunga mapaja ya kuku kwenye khanga kama tunavyofanya harusini, nikayaweka chini ya mto wa kulalia. Msichana wa usafi akayakuta. Usifanye hivyo, siyo kwa sababu ni aibu, ila kwa sababu asubuhi kuku wengine wapo. Keki nazo zipo za kila rangi. Ila wali wao ni wa kusikitisha, umetengana kama watu waliogombana, na harufu hauna. Nilikuwa nimebeba supa yetu, mchele unaonukia, kwa kuwa siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Nazari akaipika. Mkubwa wao wa jikoni alipoonja aliuliza unatoka nchi gani. Mwanangu akamwambia, "Unatoka kwa mama yangu."

Halafu watu wa kule hawasalimiani. Mnapishana kwenye ujia mwembamba mabega yanagusana, mtu anatazama ukuta. Nikasema haiwezekani. Nikawa namsalimu kila mtu, mpaka kapteni, ambaye ni kijana mdogo tu. Yule bibi mwembamba nilimfundisha shikamoo, akawa ananiamkia kila asubuhi, na mimi naitikia marahaba, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Heshima ikikufuata usiifukuze.

Mchana wanalala juani wamejianika kama mpunga kwenye mkeka, wanajigeuza ili wakauke pande zote. Wewe tafuta kivuli. Na mkishuka mjini mrudi mapema, meli haimngojei mtu. Huwezi kusimama ufukweni ukapiga mbinja ikakurudia kama mtumbwi wa kivukoni kwetu Mofu.

Hayo ndiyo ya kutembea. Sasa ya kaka.

Safari ile ya kwanza kaka alinicheka tu. Alibadilika baada ya ile ajali ya meli ya ziwani mwaka jana, Mungu awalaze pema waliokwenda na maji. Tangu hapo hataki kusikia neno meli. Mwezi jana alikuja hapa baada ya misa, akakaa kwenye kigoda, nikamwekea chakula akakataa. Unamjua kaka na chakula. Nikajua leo lipo jambo.

Akasema, "Marsiana, tumebaki watatu. Unataka kumchukua na mdogo wako mkazame pamoja, mimi nibaki na nani?"

Nikamwambia mle kuna maboya ya kuvaa, na siku ya kwanza inapigwa kengele, kila mtu anavaa boya lake na anaoneshwa mashua yake ya kuokokea.

Akasema, "Kama haizami, maboya ya nini?"

Nikamuuliza, "Na wewe kama huna dhambi, kanisani ulifuata nini leo?"

Hapo akakasirika kweli. Akasema tukipanda meli hiyo, tusikanyage tena kwake, na tukifa hatakaa matanga yetu. Na mimi ulimi wangu unaujua. Nikamwambia, "Basi kaa matanga sasa hivi nikiwa hai, na mimi nile ubwabwa wangu."

Tangu siku hiyo tukikutana njiani anatazama ukuta kama Wazungu wa melini. Sitakudanganya, inaniuma. Mke wake ananisalimia kwa siri. Lakini kuumwa siyo kushindwa.

Najua na wewe unamwogopa kaka, na unaogopa maji kwa sababu ya baba. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, humkumbuki. Mimi namkumbuka. Alitoka Mofu kipindi cha mafuriko kwenda ng'ambo kuamia mpunga usiliwe na ndege, mtumbwi ukapinduka. Walimtafuta mpaka makasia yakawachubua mikono, hakuonekana. Tuliomboleza kofia yake. Kaka alikuwa amebaki nyumbani kwa homa, na kila mara husema angekuwepo angeshika ule mtumbwi. Mtoto mdogo vile, angeshika nini!

Wewe umeolewa mbali, umesahau Novemba mbili ya hapa ilivyo. Siku ya marehemu wote Ifakara nzima iko makaburini na mafagio na majembe, watu wanang'oa majani, wanawasha mishumaa. Sisi watoto wa Anselim tunakwenda na fagio letu, tunafagia la mama, halafu tunasimama. La baba halipo. Tangu utoto tunasimama hivyo, kama wageni kwenye msiba usiowahusu.

Sasa sikia ambalo mpaka wiki iliyopita sikuwa nimemwambia mtu tangu nirudi. Novemba mbili ile nilikuwa melini. Niliamka nikatoka nje, maji pande zote. Nikakumbuka wenzangu wameshika mafagio. Nikamuuliza Nazari, mto wetu unakwenda wapi? Akanijibu, "Mama, unaingia Rufiji, na Rufiji inaingia humu humu baharini."

Humu humu, Yosefina! Nikakaa chini, na safari hii Nazari hakuniambia ninyanyuke. Nikachota mchele kwenye kifurushi, nikaumwaga majini, nikasema, "Baba, shikamoo. Ni Marsiana. Sebastiani hajambo. Mtoto uliyemwacha mgongoni amekua, ameolewa Zambia." Nikasali rozari nikamaliza. Sikulia sana. Nilipomaliza nilikwenda nikala keki, vipande vitatu, na sikuona dhambi yoyote.

Ndiyo maana nasema kaka hawezi kunikataza. Nani anamkataza mtu kwenda kaburini kwa baba yake? Na kama kaburi hilo lina keki na kitanda chenye shuka nyeupe, hilo siyo kosa langu. Nakwenda kumsalimia baba na nakwenda kustarehe, yote mawili, wala sitamwomba mtu radhi hata kwa moja. Nimelima toka nikiwa mtoto. Nimekaa madunguni maji yanapita chini yangu. Mume nimemzika, watoto nimesomesha. Kustarehe ni kwa akina nani ambao mimi siwafikii?

Jumapili iliyopita nilimfuata kaka nyumbani kwake, alikonikataza kukanyaga, nikakanyaga. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, habari ya mto na ya mchele. Akawa anakwaruza ukingo wa kigoda kwa kucha. Halafu akauliza bila kunitazama, "Ulimwaga mchele au mpunga?"

Nikasema mchele.

Akasema, "Baba alikuwa mtu wa mpunga. Mchele ataufanyia nini?"

Nikasema mwaka huu nitabeba mpunga. Akanyanyuka, akavaa kofia, akafika mlangoni akageuka: "Bado nimekataza." Akaingia njiani akaniacha nimekaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi nikanywa uji wao nikaondoka.

Basi hayo ndiyo yaliyopo, na kaka hajakubali. Usingoje akubali. Huenda tukirudi atafunga mlango, na huenda atauliza kama baba ameupokea mpunga, sijui. Wewe kesho asubuhi nenda kaulizie pasi ya kusafiria, maana hiyo ndiyo inayochelewa, na chanjo ya homa ya manjano upate na ile kadi yake ya njano. Mwezi wa kumi ukikaribia kwisha panda treni ushuke Ifakara, tutaondoka pamoja. Shemeji Nickolaus mwambie mimi ndiye ninayekuchukua, akiwa na neno aniandikie mimi.

Nilitaka kumaliza kwa kukubembeleza, lakini sijui kubembeleza. Jina lako nimekwisha kumpa Nazari. Aliniuliza pembeni ya Yosefina aandike jina la mume au la baba. Nikamwambia andika la baba, Yosefina Anselim, ili siku hiyo ukisimama pale ujitambulishe kwake vizuri, kwa kuwa hamjaonana tangu ukiwa mgongoni.

Nisalimie sana shemeji Nickolaus na hilo goti lake. Wasalimie Herieth na Fredy, waambie mama yao mkubwa anawakumbuka na wasiache kusali. Mke wa kaka anakusalimu, ila usimtaje ukimwandikia kaka. Merina naye anakusalimu, na anauliza kama nafasi melini zimekwisha. Zimekwisha.

Mungu aliyetupitisha katika mafuriko mengi akushike mkono, akuondolee woga, akulete salama.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiyetishika,

Marsiana Anselim (Mama Nazari)