Sahani ya Maua

Baba Mbithe na watoto,

Muthokoi ya mahindi na maharagwe iko kwa sufuria kubwa, pasheni moto kidogo. Mbithe, wekea kuku maji. Antony, usitafute raba zako, nimezivaa. Nimejaza magazeti mbele zikanitosha.

Nimerudi barabarani kumalizia mbio zangu. Asubuhi sikufika mbali. Mama Kitonga aliniona nikikimbia, akadhani kuna mwizi, akanifuata na jembe. Fundi wa baiskeli naye akatoka na spana. Tulipofika kanisani tulikuwa watu tisa, wote wanauliza mwizi amepitia wapi. Nikawaambia hakuna mwizi, natunza mwili wangu tu. Walikasirika kama watu walionyimwa chai.

Na wewe Baba Mbithe ukacheka mpaka ukamwaga maziwa! Eti nani ananifukuza. Miaka kumi na saba nimekimbia hapa nyumbani, mara uji, mara sare za shule, mara ndama ameingia kwa mahindi, na hakuna mtu aliwahi kucheka. Leo nimekimbia dakika kumi kwa ajili yangu, imekuwa sinema.

~~Nibakishieni chakula kidogo kwa kifuniko cha sufuria, vile huwa.~~

Hapana. Nipakulieni kwanza, kabla ya mtu yeyote, kwa ile sahani ya maua ya wageni. Nitakula nikiwa nimeketi kwa kiti.

Watoto wakiuliza mgeni ni nani, Baba Mbithe, waambie ni mimi.

Mama