Rukunda Anataka Kusafiri na Jina ya Kaka Yangu

Mama Godelieve mupendwa, wewe unayejibu barua katika gazeti, nisaidie, kichwa yangu imevurugika na hapa Baraka kila muntu ananiambia neno yake. Kaka yangu Nicolas alikufa na homa kule Ubwari wakati ya jua kali, tukamuzika kule kule, lakini mama alikataa tuende bureau ya serikali kule Fizi kusema amekufa, na buku yake ya serikali, ile kila mwanaume anaonyesha askari njiani, mama anailalia, iko chini ya muto ya kichwa. Sasa mwezi ya kumi na moja alifika kwetu mukimbizi wa Ruanda, jina yake Rukunda, nyumba yake ilichomwa, na katika kukimbia akapotezana na muke wake Nyirabahire mwenye mimba. Tulimupa nafasi ya kulala, ni mupole, analima muhogo pamoja na sisi. Bureau ilimupa karatasi ya kukaa Fizi tu, kutoka hapana. Juzi muchuuzi wa Mboko akatuletea habari kwamba Nyirabahire iko Usumbura, ngambo ya mupaka, kwa masista, hajiwezi, na kuzaa kumekaribia. Rukunda hakula siku ile. Kesho yake akamuambia mama, "Mama, unikopeshe buku ya Nicolas nipite nayo mupaka, nitairudisha." Nilizani mama atakasirika, lakini akaitoa akasema, "Chukua, Nicolas." Na Rukunda akaitika, Mama Godelieve, akaitika jina ya kaka yangu, na tangu pale mama anamuita vile, anamutengea kichwa ya samaki, anacheka, yeye ambaye hakucheka tangu maziko. Mi nikaiiba buku nikaificha. Sasa Rukunda ananiangalia tu, mama hanisemeshi, nami sijui: nikiwapa, askari wakimukamata tutafungwa wote, nikikataa na muke wake akafa, nitamuangalia namna gani? Tena naona wivu na huruma pamoja, siwezi kuvitenganisha. Nifanye nini?

Constance, Baraka

Constance, pole kwa kaka yako. Naona wewe haujamulilia vizuri, na mama yako hajaanza kabisa. Lakini nitakugombeza: buku utaificha mpaka lini? Kuficha si kukataa. Mwambie Rukunda kwa kinywa chako kwamba haumupi, na kwa nini. Ndani ya buku ile kuna alama ya kidole ya Nicolas. Askari mumoja akitoa wino, safari imeishia hapo. Na hata akipita, masista watamuuliza yeye ni nani. Akionyesha buku, atakuwa Nicolas wa Baraka, na hawatamufikisha kwa kitanda ya muke wa mwingine. Nyirabahire anamungojea Rukunda.

Leo hii muende kwa padri, aandikie masista kwamba bwana ya Nyirabahire iko hai, iko kwenu. Halafu mupande mpaka bureau ya Fizi, wewe, Rukunda na mama. Rukunda aombe ruhusa ya njia kwa jina yake mwenyewe, atoe karatasi yake ya mukimbizi, aeleze habari ya muke wake bila kuongeza kitu. Wakimufukuza, arudi tena. Na mama abebe buku, airudishe serikalini. Akishindwa kusema kwa nini, useme wewe, haujambo kwa kusema.

Jibu hili tulimutumia kwanza kwa lori, maana mimba haingojei gazeti. Tunalichapa sasa kwa ruhusa yake, majina tumebadilisha. Ametuandikia tena: bureau ilimurudisha Rukunda mara ya kwanza, mara ya pili ikamupa ruhusa ya kwenda na kurudi. Alimukuta Nyirabahire amezaa musichana. Mutoto muzima, mama yake bado zaifu. Ile buku, mama ya Constance aliiweka mwenyewe juu ya meza. Karani akauliza mwenye buku iko wapi.

"Iko Ubwari," akasema. "Alikufa."

Wakati ya kurudi, juu ya lori, katikati ya bamama ya soko, ndipo mama akalia.