Tetere Mwenye Uzi Mwekundu

Jumamosi, masika. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na koti langu bado halijakauka. Moyo nao ni mzito.

Ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, inataka historia ya chama chetu cha kuhifadhi ndege na wanyama kabla ya kukiandikisha. Mimi ni katibu, tena mwalimu mstaafu. Kazi ikawa yangu. Wanachama wataisikia kesho alasiri.

Mwanzo wetu naujua. Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini, Bwana Jayanti, mwuza vitambaa wa Mtaa wa Msimbazi, alianza kununua ndege hai sokoni Kariakoo na kuwaachia huru, kwa kuwa dini yake inamfundisha kuhurumia kila chenye uhai. Nilimsaidia kubeba matundu hadi bonde la Mto Msimbazi. Wengine wakatufuata. Hadi leo tunafanya hivyo kila Jumatatu. Mwezi uliopita mkewe alimfunga tetere mmoja uzi mwekundu mguuni, kwa baraka, kisha tukamwachia.

Leo nimemwona tetere huyo sokoni, ndani ya tundu la Saidi, mtegaji wa ndege.

"Shikamoo, Mwalimu," Saidi akasema. Nikaitikia. "Mbona umeduwaa? Huyo ni mwenyeji hapa! Mara ya tatu hii namnasa kwa ulimbo; tangu kabla ya uzi wenu namjua kwa ukucha wake uliokatika. Nyinyi msiponunua, mimi nitakula wapi?"

Sikumkemea. Ningemkemea kwa lipi? Miaka yote hii, wateja wake wakubwa ni sisi.

Nakiri kwamba nilitamani kulificha jambo hili. Historia ingesomeka vizuri bila hilo. Lakini wanachama wanastahili kuujua ukweli, na sikutaka rafiki yangu Bwana Jayanti ausikie mbele ya watu. Nikaenda kwake Upanga.

Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, maana kifua kinamsumbua. Hakukasirika.

"Andika, Mwalimu," akasema. "Andika kwamba tulikosea. Kuanzia sasa hatununui hata mmoja."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Na yule wa uzi mwekundu?"

Nilichukua koti langu lililolowa, nikatoka.

Nimekwisha kuandika. Sentensi ya mwisho inasema kwamba chama hakitanunua tena ndege kwa mtegaji yeyote. Ni sentensi ya haki, nami nitaisoma bila kutetemeka.

Mkutano ni saa tisa alasiri. Soko hufunguliwa asubuhi, nami huamka mapema, na bei ya tetere mmoja ninayo mfukoni.