Vichupa vya Kulwa na Doto

Jumatatu, 5 Mei

Sampuli kumi na moja za choo kabla ya chai. Nne zina giadia, kijidudu cha kuharisha. Wote watoto wadogo, wengi wa kata ya Itetemia. Kisha bosi katutangazia: Zuhura ndiye atakayekwenda Dar kusoma vinasaba vya vijidudu hivi, tujue viko vya aina ngapi. Zuhura! Ana mwaka mmoja hapa maabara. Mimi nina tisa. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Jumanne, 6 Mei

Zuhura kaniletea vitumbua. Eti, "Dada Salome, darubini umenifundisha wewe." Nilikula viwili. Namchukia.

Alhamisi, 8 Mei

Kulwa na Doto, mapacha wa miaka miwili. Wote wana giadia, lakini Kulwa kamaliza dawa mara mbili na bado anaharisha. Daktari anataka kujua: ni kijidudu kilekile kilichoishinda dawa, au kapata kingine kipya? Vinasaba vitasema. Leo nimeona kosa. Vichupa vyao vya kabla ya dawa, Zuhura kabandika jina la Kulwa kwenye cha Doto, na la Doto kwenye cha Kulwa. Choo chao nilikipokea mimi. Namba za vichupa ziko kwenye daftari langu.

Sikusema.

Aende navyo. Aumbuke hukohuko.

Ijumaa, 9 Mei

Kaondoka na treni, boksi la barafu mapajani. Nilimpungia mkono. Nilifurahi mpaka nikajiogopa.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada mama wa mapacha kanifuata. Kulwa mgongoni, shingo imekuwa nyembamba. "Dada, majibu ya Dar lini? Daktari kasema kikiwa kijidudu kipya, tunarudia dawa ileile." Nikamjibu, hivi karibuni.

Ileile! Na kijidudu cha Doto kikiwa tofauti, vichupa vile vitasema cha Kulwa ni kipya.

Jumatatu, 12 Mei

Nimempigia Zuhura. Nimemtajia namba.

"Uliona lini, dada?"

"Alhamisi."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuonea wivu."

Kakata simu. Baadaye ujumbe: Nimerekebisha. Basi, neno moja. Nimekwenda kumweleza bosi pia. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumatano, 28 Mei

Majibu yamekuja. Kijidudu cha Kulwa ni aina ileile, kabla na baada ya dawa. Cha Doto ni aina nyingine kabisa. Nyumba moja, kitanda kimoja, maji yaleyale. Daktari kabadili dawa ya Kulwa.

Jumatatu, 16 Juni

Choo cha Kulwa hakina kijidudu tena. Nimetazama slaidi mara tatu. Mama yake kaja na karanga, kamshukuru Zuhura kwa jina lake. Imeniuma. Sijidanganyi, imeniuma.

Tangu arudi Dar, Zuhura haniiti tena dada. Asubuhi ananisalimia, anapita.

Alasiri alikuwa peke yake kwenye kompyuta, anapanga picha za vinasaba. Nilisimama mlangoni kama mgeni. Nikamwomba anieleze mistari ya kwenye picha zile inasomwaje. Kisha akasogeza kiti.

Nilikaa mpaka saa kumi na moja. Nimeelewa nusu.