Duara Kwenye Ukungu

Jumanne, jioni

Lile duara bado liko machoni pangu.

Alfajiri mimi na mama tulikuwa tunachuma chai kule Mponde. Jua likachomoza mgongoni kwetu, bonde lote mbele likiwa limejaa ukungu, na vivuli vyetu vikatua juu yake, virefu kama miti. Kichwa cha kivuli changu kilizungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua, mfano wa watakatifu kwenye kalenda ya parokia. Cha mama hakikuwa na kitu.

Sikumwambia; niliona ni ishara mbaya kwake. Alhamisi anapasuliwa goita ya shingoni.

Mchana kutwa nimemnunia. Eti maharage hayajaiva, eti mlango haufungwi vizuri. Woga tu.

Sasa hivi, akikunja khanga za kwenda nazo hospitali, kanishika mkono.

"Mwanangu, Alhamisi usinisindikize. Baki nyumbani."

"Kwa nini, mama?"

"Asubuhi niliona duara kichwani kwangu, kule kwenye ukungu. Kwako sikuliona."

Nikamwambia na mimi niliona la kwangu tu. Kumbe kila mtu huliona la kwake tu. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi tunakwenda wote.