Kazi Aliyopewa Muatasim

Sur, Oman
26 Machi 2011

Mpendwa Shangazi Ghaniya,

Shikamoo shangazi. Hali yako vipi huko Unguja, na goti linakwendaje? Sisi wazima, alhamdulillahi. Wiam ameota meno mawili, ananing'ata kila akinyonya.

Najua mmeona kwenye televisheni mambo ya huku, ndiyo maana naandika. Vijana walipiga mahema hapa Sur wakidai kazi. Mume wangu Muatasim alikuwemo, na kaka yangu Hood pia. Miaka miwili wana vyeti na wamekaa nyumbani tu. Wakimwombea Sultani umri mrefu, wakiwalaani mawaziri.

Mama yako, Bibi Turkiya, hakuelewa hivyo. Kwake yeye ni mapinduzi ya Unguja ya sitini na nne yamerudi. Alishonea dhahabu zake ndani ya mto, akamvalisha mtoto nguo tatu tatu, tayari kwa kukimbia. Kisha akachukua birika la kahawa akaenda mwenyewe hemani. Akamwambia Muatasim mbele ya wenzake, "Mimi nimeshaona mfalme akiondoshwa, mwanangu. Yeye alipanda meli. Aliyezikwa ni mume wangu."

Haikufika huko. Sultani alibadilisha mawaziri, zikatangazwa kazi nyingi. Basi mahema yakapungua, kila jina likiitwa mtu anakwenda zake. Wiki iliyopita limeitwa la Muatasim. Polisi. Nisikufiche shangazi, nililia kwa furaha. Halafu nikamkumbuka Hood.

Hood hakujiandikisha. Anasema wenzao waliokamatwa kwenye maandamano waachiwe kwanza. Alimtania shemeji yake, "Ukiletwa kwetu na rungu, anza na mimi. Unajua pa kunipiga nisiumie." Muatasim akacheka kidogo. Mimi nilishindwa kucheka.

Jana nilikaanga sambusa tukampelekea Hood hemani. Wamebaki sita tu pale. Muatasim ndiye aliyeendesha, lakini hakushuka garini. Hood akaja mwenyewe dirishani. Akala sambusa moja hapo hapo amesimama, ya pili akamtia Muatasim mdomoni.

Mafunzo yanaanza Jumamosi ijayo. Akimaliza hatujui atapangiwa wapi. Nina matumaini, ila niombee, wasimpange hapa Sur.

Nisalimie Ami Nasr, Alya na Rahila. Mungu akupe afya na atukutanishe kwa kheri.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,
Tahani, mama Wiam