Chupa Iliyotulia Mezani

Malaba, Jumanne

Mapovu! Eti mapovu. Na mimi nikakubali kama mjinga.

Asubuhi lori la mafuta ya ndege lilifika kwenye maabara yetu hapa mpakani, likielekea Uganda. Nikachota sampuli, nikaipitisha kwenye mashine ya kuhesabu chembe za uchafu. Ikasoma juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Nikarudia, vilevile. Bosi akaja na haraka zake: "Dada, umetikisa chupa sana, mashine inahesabu mapovu. Si unaona mafuta yanang'aa? Tia sahihi, foleni ya malori imefika Amagoro."

Yalikuwa yanang'aa kweli. Nikatia sahihi karatasi ya kuruhusu mafuta yapite.

Lakini roho ilikataa. Chupa nikaiacha mezani mchana kutwa. Jioni, mapovu yakiwa yameisha, nikaizungusha polepole, nikapima tena. Namba ni ileile; basi ni uchafu, si mapovu.

Nikampigia dereva. "Nimeshashusha, dada. Narudi."

Bosi hashiki simu. Karatasi ina sahihi yangu, si yake.

Ninayo namba ya waliopokea mafuta. Wakijua, kazi sina. Wasipojua, kesho kuna watu watapanda ndege na watoto wao...

Nimewapigia mara mbili, inaita tu. Mara ya kwanza niliomba wasishike. Sasa naomba washike.